Mwenye Kuhifadhi na Mwenye Kutafuta: Vitabu Viwili vya Luria juu ya Kumbukumbu

Vitabu vinavyoeleza kazi ya ubongo aghalabu huandikwa kana kwamba binadamu mwenyewe hayumo ndani yake. Hutajwa sehemu za ubongo, hutajwa maradhi ya sehemu hizo, huorodheshwa majaribio na matokeo yake. Lakini mtu aliyepatwa na maradhi, mwenye jina lake, kazi yake na hofu zake, huachwa nje ya mlango. Aleksandr Luria, aliyezaliwa Kazan katika Urusi mwaka 1902 na kufariki mwaka 1977, aliandika vitabu vingi vya namna hiyo, na wataalamu waviheshimu mpaka leo. Lakini aliandika pia vitabu viwili vidogo vya namna nyingine, na hivyo viwili ndivyo vistahilivyo kusomwa na mwanafunzi wa fasihi. Cha kwanza kilitoka mwaka 1968, na jina lake la Kirusi lina maana ya Kitabu Kidogo cha Kumbukumbu Kubwa; mwaka huo huo kilitafsiriwa kwa Kiingereza kikaitwa The Mind of a Mnemonist. Cha pili kilitoka mwaka 1971, na jina lake la Kirusi ni sawa na kusema Ulimwengu Uliopotea na Kurudishwa. Tafsiri ya Kiingereza ililibadili jina hilo ikaitwa The Man with a Shattered World, yaani mtu ambaye ulimwengu wake umevunjika vipande. Badiliko hilo si dogo, na litarejewa mahali pake.

Vitabu hivi huzungumzwa pamoja kama pacha: kimoja juu ya mtu asiyeweza kusahau, na kimoja juu ya mtu asiyeweza kukumbuka. Mpangilio huo wapendeza masikioni, na yamkini ndio uliowafanya wasomaji wengi waridhike mapema. Kwa hakika kitabu cha kwanza, ambacho ndicho chenye maajabu, chadai jambo moja na kuthibitisha jingine. Na cha pili, ambacho hakina ajabu ya kumfurahisha mtazamaji, ndicho kielezacho vizuri zaidi jinsi ubongo uwekavyo mambo na jinsi uyatoavyo.

Mtu wa kitabu cha kwanza hutajwa kwa herufi moja tu, S. Siku hizi yajulikana kuwa alikuwa Solomon Shereshevsky, mwandishi wa habari katika gazeti moja katika miaka ya 1920. Kila asubuhi mhariri aliwagawia waandishi wake kazi za siku, pamoja na majina ya mitaa na ya watu wa kuhojiwa. Wote waliandika, S. hakuandika hata neno. Mhariri alipotaka kumkemea kwa uzembe, S. alimrudishia maagizo yote kama yalivyotoka kinywani mwake. Jambo lililomshangaza S. halikuwa kwamba yeye aweza, bali kwamba wengine hawawezi. Akapelekwa katika maabara ya elimu ya nafsi, na huko akamkuta Luria, aliyekuwa kijana bado.

Luria akampa maneno 30, kisha 50, kisha 70. Akampa tarakimu, akampa silabi zisizo na maana, akampa beti za Dante kwa Kiitaliano, lugha ambayo S. hakuijua. Yote aliyarudisha kwa utaratibu wake, au kinyume, kutoka mwisho hadi mwanzo, au kuanzia neno lo lote la katikati. Baada ya miaka 15 au 16 Luria alimwuliza ghafula juu ya orodha za zamani, bila kumwonya, S. alinyamaza kidogo, akaeleza chumba walimokuwa siku ile, na nguo alizovaa Luria, na mahali alipoketi, kisha akaanza kutoa maneno. Mtafiti akakata tamaa ya kupima. Akaandika kwamba kumbukumbu hiyo haina mpaka unaoweza kuonekana, si katika wingi wa mambo wala katika urefu wa muda.

Hilo ndilo dai la kitabu, na hapo ndipo msomaji makini hana budi kusimama. Kwani Luria mwenyewe, kwa uaminifu wake, ameandika habari nyingine ndogo ambazo dai hilo haliwezi kuzimeza. S. alikuwa na sharti moja: kati ya neno na neno apewe nafasi ya sekunde tatu au nne. Kama kumbukumbu yake ingekuwa sanduku wazi ambamo vitu huanguka vyenyewe, sekunde hizo zingekuwa za nini? Jibu limo katika kitabu. Kila neno lililomfikia lilimgeukia kuwa picha, tena picha yenye rangi, sauti, ladha na mguso, kwa sababu milango yake ya fahamu ilikuwa imefunguliana. Alipata kumwambia Lev Vygotsky, rafiki na mwenzi wa Luria, kwamba sauti yake ni ya manjano na yamomonyoka. Tarakimu kwake zilikuwa watu: 1 alikuwa mwanamume mwenye kiburi na umbo zuri, 7 alikuwa na masharubu, 8 alikuwa mwanamke mnene, hata 87 ikawa mwanamke mnene pamoja na mwanamume asokotaye masharubu yake. Zikiwa nyingi, picha hizo alizichukua akatembea nazo, kwa mawazo, katika barabara aijuayo, kama ile ya Gorky katika mji wa Moscow, akiweka moja mlangoni, moja dirishani mwa duka, moja penye ua. Wakati wa kukumbuka alitembea tena njia ile ile, akasoma alichokiona. Akitakiwa kurudi kinyume, alianza safari kutoka mwisho wa barabara. Sekunde tatu zilikuwa za kutafuta mahali pa kuweka mzigo.

Njia hiyo ni kongwe. Wayunani na Warumi waliwafundisha wasemaji wao kuyapanga maneno ya hotuba katika vyumba vya nyumba ya kuwazwa, na ugunduzi wake husemwa kuwa wa mshairi Simonides. S. hakufundishwa na mtu. Aliifikia mwenyewe, na jambo hilo lamwongezea sifa. Lakini sifa hiyo ni ya fundi, na fundi si ghala.

Ushahidi mzuri kuliko wote u katika makosa yake. Yalikuwa machache, na Luria ayapita kwa haraka kuliko ipasavyo. Mara moja S. aliliruka neno kalamu, yaani ya risasi. Mara nyingine neno yai. Alipoulizwa alieleza bila kufadhaika kwamba kalamu aliisimamisha karibu na ua wa miti, ikafanana na mti mmoja wa ua, akaipita asiione. Na yai alilitegemeza kwenye ukuta mweupe, na jeupe juu ya jeupe lingeonekanaje? Tangu hapo alijifunza kuyatia mayai ya mawazo yake mahali penye taa. Luria asema, na kweli asema, kwamba hayo si makosa ya kukumbuka bali ni makosa ya kuona. Lakini alipaswa kuendelea hatua moja mbele. Kitu kilikuwapo, kimewekwa, hakikuharibika. Kilichokosekana ni njia ya kukifikia. Ndani ya yai hilo moja mna tofauti yote baina ya kuweka na kutoa, na kitabu kilikuwa nayo mkononi kikaiachia.

Lugha ya Kiswahili yaijua tofauti hiyo kuliko wasemaji wake wafikirivyo. Kuhifadhi ni jambo moja, na kukumbuka ni jingine; tena kuna kukumbushwa, ambako ni kupewa ncha ya uzi na mtu mwingine. Mtoto wa chuoni aliyehifadhi sura nzima, akikwama katikati, haambiwi sura. Huambiwa neno moja, na yaliyobaki hufuata kama maji. Hifadhi haikuongezwa kitu kwa neno lile. Lililofunguliwa ni mlango.

Uchunguzi wa baadaye umelithibitisha jambo ambalo makosa ya S. yalilidokeza. Mwaka 2003 Eleanor Maguire na wenzake wa London walitoa matokeo ya kuwachunguza watu 10 waliosifika kwa nguvu ya kumbukumbu, wengi wao washindani wa michezo ya kukumbuka. Akili zao hazikuzidi za watu wa kawaida, wala maumbile ya bongo zao hayakuwa na tofauti. Tofauti ilikuwa katika kazi: walipokuwa wakijifunza, sehemu za ubongo zinazohusika na kujua mahali na njia zilishughulika zaidi kuliko za wengine, kwa kuwa karibu wote walitumia safari ya mawazo kama ile ya barabara ya Gorky. Nayo makala iliyochapishwa katika jarida la New Yorker mwaka 2017 yaeleza, kwa ushahidi wa jamaa yake, kwamba Shereshevsky alipokuwa akitafuta riziki kwa kuonyesha kumbukumbu yake mbele ya watu alifanya mazoezi kwa saa nyingi kabla ya onyesho. Hayo hayamfanyi mwongo. Yamfanya mfanyakazi, na mfanyakazi hupendeza kuliko muujiza.

Sasa lifuate jambo limhusulo mwanafunzi wa fasihi kwa karibu kabisa, nalo ni sura ambayo Luria aeleza jinsi S. alivyosoma. Hapo kitabu kinapanda daraja. Mtu aliyeweza kurudisha beti za Dante bila kujua maana yake hakuweza kusoma ukurasa mmoja wa hadithi kwa raha. Kila neno lilimletea picha, na neno lililofuata likaleta picha nyingine iliyogombana na ya kwanza. Mhusika akiingia nyumbani, S. alikuwa tayari ameijenga nyumba hiyo kwa mfano wa nyumba aliyoijua utotoni, na mwandishi akitaja mlango upande wa kushoto basi jengo zima lilibomoka. Maneno mawili yenye maana moja yalimsumbua, kwa kuwa picha zake zilikuwa mbili. Na sitiari zilimshinda. Alipoambiwa kwamba mtu hupima maneno yake, alijiuliza maneno yatapimwaje, akaona mizani kubwa ya dukani, mkate upande huu na jiwe la uzito upande ule. Kiswahili nacho chasema kupima maneno, na hakuna msikilizaji aonaye mizani. Haioni kwa sababu ameisahau. Na kwa kuisahau ndiyo maana ameielewa.

Neno hili lastahili kukaliwa. Walimu wengi, wa kwetu na wa kwingineko, huhesabu kwamba mwanafunzi aliyelishika shairi kwa moyo amelipata shairi. S. ni shahidi wa kinyume chake, tena shahidi asiye na mfano, kwa sababu kwake hifadhi ilikuwa kamili na ufahamu ukawa haba. Alipata kupewa jedwali la tarakimu zilizopangwa kwa utaratibu dhahiri, safu ya kwanza 1, 2, 3, 4, ya pili 2, 3, 4, 5, na kuendelea. Akalihifadhi lote kwa taabu ile ile, tarakimu kwa tarakimu, asiuone utaratibu. Mtoto mdogo angaliuona, naye angaliihifadhi kanuni moja tu na kuzitupa tarakimu. Kutupa huko ndiko kufahamu. Jorge Luis Borges, mwandishi wa Argentina, alikuwa amelifikia jambo hili kwa njia ya kubuni mwaka 1942, katika hadithi ya kijana Funes ambaye baada ya kuangushwa na farasi hakuweza tena kusahau kitu. Akaudhika kwamba mbwa aliyeonekana upande dakika moja, na kuonekana mbele dakika ya pili, aitwe kwa jina moja. Ajabu ni kwamba Borges alibuni na Luria alishuhudia, na walikutana mahali pamoja. S. pia alilalamika kwamba nyuso za watu hazishikiki, kwa maana uso hubadilika kila mwenyewe akifurahi au akichoka, na kila badiliko kwake lilikuwa uso mwingine.

Mwisho wake S. alitamani kusahau. Orodha za maonyesho ya jana zilikuja kuzichanganya za leo. Akajaribu kuziandika karatasini, akiwaza kwamba watu wengine huandika ili wakumbuke, basi yeye ataandika ili asahau. Karatasi akaichoma moto, na katika majivu akazisoma bado tarakimu. Dawa aliipata siku moja bila kuitafuta, alipotambua kwamba jedwali la zamani halimjii ikiwa yeye halitaki. Luria alisimulia habari hii kwa uzuri wa msanii, lakini hakuiuliza swali. Ikiwa nia ya mtu yaweza kuufunga mlango, basi mlango upo, na yupo aushikaye.

Yafaa hapa kulinganisha namna S. alivyoshika beti na namna wenyeji wa pwani ya Afrika ya Mashariki walivyozishika. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, yalikaa vinywani mwa watu miaka mingi kabla Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor hawajayatia katika maandishi mwishoni mwa karne ya 19. Na diwani iliyotengenezwa na Hichens haikuchapishwa mpaka mwaka 1940. Waliozihifadhi beti hizo hawakutembea barabarani na picha. Walikuwa na mizani ya nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Mtu akisahau neno, kina kilimwambia silabi yake ya mwisho, mizani ikamwambia urefu wake, na maana ikamwambia jamii yake. Baina ya walinzi hao watatu maneno yawezayo kupita ni machache mno, pengine ni lile lile moja tu. David Rubin, katika kitabu chake Memory in Oral Traditions cha mwaka 1995, ameonyesha jambo hilo hilo kwa tenzi za masimulizi, nyimbo za kienyeji na mashairi ya michezo ya watoto katika lugha nyingine: kila kifungo peke yake ni dhaifu, bali vikikutana huwa na nguvu. Kina, ambacho vijana wengine wamekidhani kuwa ni pambo au minyororo, ni chombo cha kutolea yaliyohifadhiwa. Nacho hufanya kazi kwa sababu msomaji husikia maana na sauti kwa pamoja, jambo ambalo S. hakuliweza. Yeye angeweza kulirudisha shairi la Muyaka bila kosa, na asingejua kama limemcheka mtu.

Hata hivyo chombo hicho hakizuii kila badiliko, na neno la ukweli juu ya ubongo ladai hilo lisemwe. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake Remembering cha mwaka 1932, aliwapa Waingereza hadithi moja ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini wausomee moyoni, kisha akawataka waisimulie tena na tena. Mitumbwi ikawa mashua, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na mizimu ikapungua mpaka ikatoweka. Wasimulizi hawakudanganya, kila aliposimulia, mtu aliijenga hadithi upya kwa miti ya kwao. Baadaye wataalamu waliziona pia dalili za mwili za kujenga huku. Mwaka 1953 kijana mmoja wa Marekani, ambaye vitabu vilimwita H. M. mpaka kufa kwake mwaka 2008, alikatwa pande zote mbili sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi, ili kumponya kifafa; tangu hapo hakuweza kuweka jambo jipya la maisha yake, ingawa ya utotoni aliyakumbuka, na ingawa mikono yake iliweza kujifunza kazi ambayo yeye mwenyewe hakukumbuka kuifanya. Brenda Milner aliyemchunguza alionyesha kwa hayo kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Na mwaka 2000 Karim Nader na wenzake, kwa majaribio ya panya, walionyesha kwamba hofu iliyokwisha kuhifadhiwa, ikiamshwa, huwa laini tena kwa muda, na yaweza kuharibiwa isipofungwa upya. Kutoa ni kugusa, na kuguswa hubadili. Luria hangeweza kuyajua yote hayo mwaka 1968, wala si haki kumlaumu. Lakini kitabu chake cha pili chaonyesha kwamba alikuwa akielekea huko.

Kitabu hicho ni cha Lev Zasetsky. Alikuwa mwanafunzi wa ufundi wa mitambo, mwenye umri wa miaka 23, akawa afisa mdogo katika vita vya pili vya dunia. Mwezi wa Machi 1943, katika mapigano ya upande wa Smolensk, risasi ilimwingia upande wa kushoto wa kichwa, nyuma, mahali ambapo ubongo huunganisha yaliyoonwa na yaliyosikiwa na yaliyoguswa. Hakufa. Lakini nusu ya kulia ya kila kitu ilimtoweka, hata ya mwili wake mwenyewe, alisahau kusoma, hakuweza kujua njia ya kwenda nyumbani. Maneno aliyasikia akayatambua kuwa ni maneno, lakini ilimpasa angoje kitambo kirefu picha yake ije, na alipokiona kitu alingoja vivyo hivyo jina lake. Yaliyopita hayakufutika. Yalimrudia kutoka mwisho usio wake, kama alivyosema mwenyewe: ya utotoni kwanza, yakiwa wazi kabisa, na ya karibuni yakibaki gizani.

Hakuweza kutofautisha baba wa ndugu na ndugu wa baba. Msomaji wa Kiswahili na ajaribu kusimama hapo kidogo. Maneno ni yale yale matatu, na Zasetsky aliyajua yote. Kilichovunjika ni uwezo wa kuyashika mawili kwa pamoja na kuona lipi lamfuata mwenziwe. Kwa hiyo sentensi nzima ilikuwa kwake kama nyumba ambayo mawe yapo na udongo haupo.

Naye akaandika. Hiyo ndiyo habari kuu ya kitabu. Mwanzoni alichora herufi moja moja, akisahau ya kwanza alipofika ya pili. Siku moja daktari alimwambia asiitafute herufi, bali aandike neno zima bila kuinua mkono. Akalirudia neno damu mara nyingi, mpaka Zasetsky akaishika kalamu akaliandika. Kisha akalitazama na hakuweza kulisoma. Mkono ulikuwa umekumbuka lile ambalo macho hayakuweza kulipata. Kwa mkono huo aliandika kurasa 3,000 katika muda wa miaka 25, pengine nusu ukurasa kwa siku nzima, akikiwinda kila neno, akipoteza mwanzo wa sentensi kabla ya kufika mwisho, asiweze kuyasoma aliyoandika jana ila kwa kuhangaika herufi kwa herufi. Alikipa kitabu chake jina la mtu aliyekataa kushindwa, yaani kwamba ataendelea kupigana.

Luria aeleza sababu yake kwa maneno machache yaliyo bora kuliko kurasa zote za kitabu cha kwanza. Risasi haikufika sehemu za mbele za ubongo, ambazo ni za kukusudia, kupanga, na kujihukumu. Kwa hiyo Zasetsky alijua alichokipoteza. Ghala lilikuwa limeporomoka njia zake, bali mwenye ghala alikuwa mzima, akisimama katikati ya vifusi na taa mkononi. Mtu anayemwona akitafuta neno moja kwa saa nzima huona waziwazi kazi ambayo bongo nyingine huifanya kwa upesi hata isionekane kuwa ni kazi.

Kitabu hiki nacho kina kasoro. Luria alichagua vipande katika kurasa zile 3,000, akavipanga, akaviingiza maelezo yake baina ya kipande na kipande. Na msomaji hana njia ya kujua yaliyoachwa yalikuwa nini, wala Zasetsky alirudia maneno yale yale mara ngapi. Marudio hayo ndiyo yangeonyesha ugonjwa wenyewe. Maandishi yaliyochapishwa ni laini mno kwa mtu ambaye sentensi zilimkatikia. Pia sura zinazoeleza maumbile ya ubongo zamkata msimulizi ghafula, na mtu aweza kushawishika kuziruka, ingawa asizikose.

Ama jina, kosa ni la tafsiri. Kuvunjika kwa ulimwengu wa Zasetsky kulitokea kwa nukta moja ya mwaka 1943, na kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya nukta hiyo. Kiliandikwa kwa ajili ya miaka 25 iliyofuata, ambayo kila siku mtu alikaa mezani kuurudisha. Na jina la Kirusi, lenye kupotea na kurudishwa pamoja, laihesabu miaka hiyo. Kitabu kilipochapishwa mwaka 1971 alikuwa bado anaandika.